Huenda na Anaweza: Vitenzi vya Uwezekano vya Kiingereza na Msomaji wa Kiswahili wa Cibitoke, Bujumbura

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna sentensi za Kiingereza zinavyotumia vitenzi visaidizi "may", "might", "can" na "could" kudokeza uwezekano, na namna maana hizo zinavyogawanyika zinapohamishiwa katika Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba kitenzi kimoja cha Kiingereza hubeba maana ambazo Kiswahili huzitenganisha kwa zana mbalimbali za sarufi: kitenzi -weza, vielezi kama huenda na labda, dhamira tegemezi na viambishi vya masharti. Mazoea ya kutafsiri kila kitu kwa -weza hupoteza tofauti ambazo lugha yetu inazo tayari. Mifano inatoka katika nyanja mbili zinazomgusa mkazi wa Cibitoke moja kwa moja, yaani sheria za Jumuiya ya Afrika Mashariki na taarifa za tahadhari ya mvua. Makala yanahitimishwa kwa mapendekezo kwa wafasiri, waandaaji wa mitaala na washauri wa sera.

1.0 Utangulizi

Cibitoke inayozungumziwa hapa ni mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura, jirani na Ngagara. Isichanganywe na eneo la Cibitoke lililo kaskazini-magharibi mwa nchi, ambalo lina jina hilohilo. Kama ilivyo katika mitaa mingi ya mji huo, mkazi wake huishi kati ya lugha kadhaa. Kirundi ni lugha ya nyumbani na ya taifa. Kifaransa kimekuwa lugha ya ofisi tangu enzi za ukoloni wa Ubelgiji. Kiswahili ni lugha ya biashara, usafiri na ujirani, na kimekuwapo Bujumbura tangu mji huo ulipoanza kukua. Kiingereza ndicho kilichokuja mwisho, lakini kimekuja na nguvu za kisheria. Burundi ilijiunga rasmi na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na mwaka 2014 Kiingereza kilipewa hadhi ya lugha rasmi nchini. Kwa hiyo mtoto wa shule ya msingi wa Cibitoke hukutana darasani na lugha zote nne.

Ibara ya 137 ya Mkataba wa Kuanzishwa kwa Jumuiya katika matini yake ya awali ilitamka kwamba Kiingereza ndiyo lugha rasmi ya Jumuiya na kwamba Kiswahili kitaendelezwa kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Maana yake ni kwamba maandishi mengi yanayomhusu mkazi wa Cibitoke huzaliwa kwa Kiingereza, na yakimfikia humfikia kwa tafsiri, iwe ya maandishi au ya mdomo. Katika safari hiyo, maneno makubwa kama "forodha" au "uhuru wa kusafiri" hayaleti taabu sana, kwa kuwa yana visawe vilivyozoeleka. Taabu iko katika maneno madogo, na miongoni mwa hayo hakuna linaloteleza kuliko kitenzi kisaidizi cha uwezekano.

2.0 Uwezekano katika sentensi ya Kiingereza

Vitenzi visaidizi vya hali vya Kiingereza vina tabia ya pekee. Haviongezwi kiambishi cha nafsi ya tatu, havifuatwi na alama ya kitenzi-jina, na viwili havikai pamoja katika sentensi sanifu. Kwa sababu hiyo mwanafunzi huambiwa kwamba ni vyepesi. Umbo lake ni jepesi kweli, ila maana yake ina matabaka.

Wataalamu wa semantiki, wakiwamo F. R. Palmer na Jennifer Coates waliochambua vitenzi hivi kwa kina katika miaka ya 1970 na 1980, huonyesha kwamba uwezekano una zaidi ya aina moja. Kwa ajili ya makala haya tutazitaja aina tatu.

Aina ya kwanza ni uwezekano wa kimaarifa. Hapa msemaji anazungumzia mipaka ya anachokijua. Katika sentensi "She may be at home", hatuambiwi habari ya uwezo wa mwanamke huyo wala ya ruhusa aliyopewa. Tunaambiwa kwamba msemaji hana hakika: huenda yuko nyumbani. Aina ya pili ni uwezekano wa kimazingira, unaotokana na maumbile ya kitu, uwezo wa mtu au hali ya mahali. "She can swim" inahusu ujuzi wake, na "The road can flood" inahusu tabia ya barabara. Aina ya tatu ni uwezekano wa kiidhini, unaotokana na kanuni au mamlaka. "You may leave" ni ruhusa: umeruhusiwa kuondoka.

Historia ya maneno hayo inasaidia kueleza mchanganyiko huu. "May" ilianza na maana ya kuwa na nguvu, na "can" ilianza na maana ya kujua. Kiswahili kina njia zinazofanana na hizo: -weza hubeba nguvu, na -jua hubeba ustadi, kama tunaposema "anajua kuogelea". Lakini Kiingereza kiliendelea mbele. Maana ya nguvu ilipanuka ikawa ruhusa, kisha ikawa shaka ya msemaji, na zote zikabaki katika neno moja. Msomaji ndiye anayetakiwa kuzitenga kwa kutazama muktadha.

Tofauti kati ya "can" na "may" inafaa kufafanuliwa zaidi. Katika sentensi yakinishi, "can" haitumiki kwa kawaida kukisia tukio moja mahususi. Mzungumzaji wa Kiingereza husema "It may rain tomorrow", si "It can rain tomorrow". Lakini husema bila tatizo "It can rain in August", kwa kuwa hapo anaeleza tabia ya majira. Katika ukanushi na swali, "can" hurudi kwenye uwanja wa kimaarifa: "That can't be true" ni hukumu ya msemaji kwamba jambo hilo haliwezi kuwa kweli. "Might" na "could" hulegeza dai, humpa msemaji nafasi ya kurudi nyuma, na mara nyingi hutumika kwa adabu. Tukiongeza "have" baada yake, tunaingia katika wakati uliopita, ambako maana mbili hukutana tena. "He could have drowned" huweza kuwa kisio kwamba labda alizama, au maelezo ya hatari iliyopita bila madhara.

3.0 Hazina ya Kiswahili

Kiswahili hakina kundi la vitenzi linalolingana moja kwa moja na hilo la Kiingereza. Badala yake kina zana nyingi, kila moja ikiwa na mahali pake.

Zana ya kwanza ni kitenzi -weza. Hiki hubeba uwezo, na kwa kupanuka hubeba pia ruhusa na uwezekano wa jumla. Kikipewa kiambishi hu- cha mazoea, kinafaa sana kwa tabia ya mahali au ya kitu: "Hata Agosti mvua huweza kunyesha Bujumbura." Sentensi hii haikisii mvua ya kesho. Inaeleza kwamba jambo hilo, ingawa si la kawaida katika kiangazi, si la kushangaza.

Zana ya pili ni vielezi vya shaka: huenda, labda, pengine, yamkini na asaa. Historia yake inavutia. Huenda ni kitenzi -enda kilichoganda katika hali ya mazoea. Pengine asili yake ni "mahali pengine" au "wakati mwingine". Yamkini imetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya "inawezekana". Labda ndiyo yenye kisa cha ajabu zaidi, kwa kuwa asili yake ni usemi wa Kiarabu wenye maana ya "hapana budi". Neno lililokuwa la ulazima kwa Waarabu likawa la shaka kwa Waswahili, ilhali ndugu yake, budi, limebaki na ulazima wake katika "sina budi" na "hapana budi". Huu ni ushahidi kwamba mpaka kati ya ulazima na uwezekano huvukwa katika lugha yoyote, na kwamba mfasiri hawezi kutegemea asili ya neno badala ya matumizi yake ya leo.

Zana ya tatu ni viambishi vya masharti -nge- na -ngali-. "Angeweza kuzama" na "angalizama" hueleza lililowezekana lakini halikutokea. Kiswahili kina hata kielezi maalumu cha hatari iliyopita karibu, nacho ni nusura au almanusura: "Almanusura azame." Anayesikia sentensi hiyo hana shaka kwamba mtu aliokoka. Kwa hiyo pale ambapo "He could have drowned" humwacha msomaji njia panda, mfasiri wa Kiswahili hulazimika kuchagua: "huenda alizama" au "almanusura azame". Familia inayosubiri habari za mvuvi wa Ziwa Tanganyika haiwezi kuziona sentensi hizo mbili kuwa kitu kimoja.

Zana ya nne ni usemi wa "yaelekea" au "inaelekea", unaopandisha uwezekano juu ya nusu. Anayesema "huenda" hasemi ni kwa kiasi gani. Anayesema "inaelekea" anadai kwamba dalili zinaegemea upande mmoja.

4.0 Ukanushi: mahali pa hatari zaidi

Ikiwa kuna mahali pamoja ambapo tafsiri huvunjika, ni katika ukanushi. Kiingereza huandika "may not" kwa mambo mawili yaliyo mbali kabisa. "The goods may not arrive before Friday" ni tahadhari: huenda bidhaa zisifike kabla ya Ijumaa. "The goods may not leave the warehouse" ni katazo: bidhaa zisitoke ghalani, au haziruhusiwi kutoka. Herufi ni zilezile, lakini ukanushi umefunga vitu tofauti. Katika sentensi ya kwanza kinachokanushwa ni tukio, na uwezekano unabaki. Katika ya pili kinachokanushwa ni ruhusa yenyewe.

Kiswahili huonyesha tofauti hii waziwazi kwa mahali pa kukanusha. "Hawezi kuja" hukanusha kitenzi -weza: njia imefungwa. "Anaweza asije" huacha -weza katika uyakinishi na kukanusha kitenzi kinachofuata kwa dhamira tegemezi: njia iko wazi, ila kutokuja nako kumo. Mzungumzaji mzawa hatafuti kanuni ili kuzitenga. Lakini mfasiri anayefuata mpangilio wa Kiingereza neno kwa neno huona "may", huandika -weza, huona "not", huongeza kikanushi palepale, na kuzaa "bidhaa haziwezi kufika kabla ya Ijumaa". Mfanyabiashara wa Cibitoke anayesoma hivyo atafuta oda yake, ilhali aliyeandika alimwonya tu kuhusu ucheleweshaji.

Karatasi zinazoambatana na dawa zina mtego uleule. Maelezo kwamba dawa "may not be suitable for children" yanamtaka mzazi aulize kwanza: huenda dawa hii isiwafae watoto. Maelezo kwamba watoto "may not use" dawa hiyo ni katazo: watoto wasiitumie. Ukiandika "haiwezi" mahali pote pawili, umemwondolea mzazi tofauti kati ya kuuliza na kuacha.

5.0 Kirundi na Kifaransa nyuma ya mwanafunzi

Mwanafunzi wa Cibitoke haji kwenye Kiingereza mikono mitupu. Anakuja na kitenzi cha Kirundi -shobora, ambacho kama -weza hubeba uwezo na uwezekano, pamoja na kielezi "kumbure", chenye maana ya labda. Anakuja pia na kiambishi cha Kirundi -o- cha masharti, kama katika "noshobora", yaani ningeweza. Kutoka Kifaransa ana kitenzi "pouvoir", kinachofunika eneo la "can" na la "may" kwa pamoja, na kielezi "peut-être", ambacho kwa umbo lake ni "yaweza kuwa", kama ilivyo "maybe" ya Kiingereza.

Mtazamo huu unatuwezesha kutabiri makosa badala ya kuyashangaa. Lugha tatu alizonazo mwanafunzi zina kitenzi kimoja cha uwezo kinachofanya kazi nyingi. Kwa hiyo anayo sababu ya haki ya kuandika "It can rain tomorrow": analinganisha "can" na -shobora, -weza na "pouvoir". Kumwambia kwamba amekosea bila kumwonyesha chanzo ni kumfundisha nusu. Njia yenye manufaa ni kumrudisha kwenye tofauti aliyonayo tayari. Aulizwe kwanza kama kwa Kiswahili angesema "huenda" au "huweza", ama kama kwa Kirundi angetumia "kumbure" au -shobora. Akichagua "huenda" au "kumbure" kwa sentensi yakinishi, aelekezwe kwenye "may" au "might". Akichagua "huweza" kwa tabia ya jumla, "can" inamfaa. Hapo lugha anazozijua zinakuwa ngazi ya kupandia, wala si mzigo wa kutuliwa mlangoni mwa darasa.

6.0 Sheria: pale "may" inapokuwa haki

Katika lugha ya sheria "may" hupata uzito mwingine. Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya inampa mkazi yeyote wa nchi mwanachama nafasi ya kufikisha mbele ya Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, iliyoko Arusha, swali la uhalali wa sheria, kanuni, agizo, uamuzi au kitendo cha nchi mwanachama au cha taasisi ya Jumuiya. Ibara hiyo inaweka pia muda wa miezi miwili wa kufungua shauri. Kitenzi kinachobeba haki hiyo katika matini ya Kiingereza ni "may".

Kwa hiyo mkazi wa Cibitoke anahusika moja kwa moja na neno hili. Likifasiriwa "huenda akafikisha", haki imegeuzwa kuwa kisio. Likifasiriwa "anaweza kufikisha", tafsiri ni sahihi, lakini msomaji asiyezoea lugha ya sheria huweza kuielewa kama habari ya uwezo: anayeweza ni mwenye nauli ya Arusha na wakili. Likifasiriwa "ana haki ya kufikisha", maana ya kisheria imesimama mbele.

Je, -weza ikataliwe katika sheria? La. Utamaduni wa kisheria wa Kiswahili umekwisha kuipokea. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 30 inayohusu kutekeleza haki za msingi, hutumia "anaweza" kwa mtu anayekwenda kufungua shauri Mahakama Kuu, na katika kifungu hichohicho hutumia "inaelekea" kwa ukiukwaji ambao bado haujatokea lakini dalili zake zinaonekana. Hapa pana somo kubwa kwa mfasiri: matini moja imetenga haki na makadirio kwa maneno mawili tofauti, bila kukopa lolote.

Mfano mwingine wa Tanzania unahusu fasili. Sheria yake ya Tafsiri ya Sheria hueleza kwamba "may" katika sheria humaanisha mamlaka ya hiari, na "shall" humaanisha jambo la lazima. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria nchini humo, swali la visawe vya maneno hayo limeacha kuwa la darasani. Kazi itakayofanyika huko itawafikia pia wasomaji wa Burundi, kwa kuwa Kiswahili cha sheria hakina sababu ya kuanza upya kila kinapovuka mpaka.

Ugumu zaidi hutokea pale ambapo "may" mbili hukaa katika kifungu kimoja. Ibara ya 3 ya Mkataba, inayohusu kupokea wanachama wapya, huzipa nchi wanachama hiari ya kujadiliana na nchi ya kigeni, tena kwa masharti ambayo zenyewe zitaona yafaa. Ya kwanza ni mamlaka: "zinaweza kujadiliana". Ya pili imo ndani ya kishazi rejeshi, na Kiswahili huibeba vizuri kwa "zitakavyoamua", bila -weza kabisa. Mfasiri anayeandika -weza mara mbili hajakosea kisheria, ila ameongeza ukungu mahali ambapo sarufi ya Kiswahili ilikuwa na mwanga.

7.0 Tahadhari: pale "may" inapokuwa uhai

Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014, mvua kubwa ilisababisha mafuriko na maporomoko yaliyoua makumi ya watu katika mitaa ya kaskazini mwa Bujumbura, ukanda ambao Cibitoke nayo imo. Mwezi Aprili 2020, mto Rusizi ulifurika Gatumba, magharibi mwa mji, na kuwahamisha maelfu. Katika mazingira kama hayo, lugha ya tahadhari ni sehemu ya miundombinu ya usalama, kama mitaro na madaraja.

Utabiri wa majira katika kanda hii huandaliwa kwa ushirikiano wa kituo cha hali ya hewa cha IGAD, yaani ICPAC, na taasisi za kitaifa, ambazo kwa Burundi ni IGEBU. Wataalamu hutoa makadirio kwa asilimia: kuna nafasi gani ya mvua kuwa juu ya wastani, ya wastani au chini ya wastani. Asilimia hizo zinapogeuzwa kuwa sentensi, mara nyingi huishia katika "may": mvua kubwa "may cause flooding". Kipimo kimekwisha kupotea kabla ya tafsiri kuanza. Ikitafsiriwa "inaweza kusababisha mafuriko", msomaji hupata sentensi ambayo ni kweli kila siku ya mwaka. Mvua kubwa wakati wowote huweza kusababisha mafuriko, na sentensi iliyo kweli siku zote haimwondoi mtu kitandani.

Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi lilikabiliana na tatizo hilo kwa kufunga maneno na namba. Kwa mujibu wa mwongozo wake wa mwaka 2010, "likely" ni nafasi ya asilimia 66 hadi 100, "very likely" ni asilimia 90 hadi 100, na "unlikely" ni asilimia 0 hadi 33. "May" haimo katika kipimo hicho, na sababu inaeleweka: haipimi.

Kiswahili kinaweza kujengewa kipimo cha aina hiyo kwa maneno kilichonayo. Tunapendekeza "haielekei" kwa nafasi ndogo, "huenda" kwa nafasi iliyo karibu na nusu, "inaelekea" kwa nafasi kubwa, na "inaelekea sana" kwa nafasi kubwa mno. Neno -weza libaki kwa maelezo ya tabia ya mahali, kama "bonde hili huweza kufurika". Namba iwekwe kando ya neno pale inapopatikana, kwa kuwa neno peke yake hutofautiana kutoka sikio hadi sikio.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Tumeona kwamba vitenzi vya uwezekano vya Kiingereza hukusanya maarifa, mazingira na idhini katika maumbo machache, na kwamba Kiswahili huzitawanya maana hizo katika vitenzi, vielezi, dhamira na viambishi. Tofauti hiyo si upungufu wa lugha yoyote kati ya hizo mbili. Inamtaka mfasiri aamue jambo ambalo mwandishi wa Kiingereza aliruhusiwa kuliacha wazi.

Kutokana na hayo, makala yanapendekeza mambo manne. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, iandae mwongozo mfupi wa kutafsiri vitenzi vya hali, ukianza na "may not". Pili, tafsiri za vifungu vinavyompa mwananchi haki zitumie "ana haki ya" pale ambapo "anaweza" peke yake huacha shaka, na matini ieleze mwanzoni maana ya kisheria ya -weza. Tatu, taarifa za tahadhari zitenge "huenda", "inaelekea" na "huweza", na wataalamu wa hali ya hewa washirikishwe katika kufunga maneno hayo na viwango. Nne, vitabu vya Kiingereza kwa shule za Burundi vifundishe vitenzi hivi kwa kulinganisha na Kirundi na Kiswahili, ambavyo mwanafunzi amekwisha kuvimiliki.

Yote haya yanaweza kuanza bila sheria mpya. Mfasiri anapokutana na "may", ajiulize kwanza kama anayezungumza anakisia, anaeleza tabia ya jambo au anatoa idhini. Jibu la swali hilo ndilo litakalomwonyesha neno la kuandika.